Kibanda cha Magomeni Mtwara kinachoonyesha mpira wa Kimarekani: bei, chai, rimoti na ule ubishi wa kinda na mkongwe

Wale mnaoniuliza kila siku kama kweli hapa Mtwara kuna sehemu wanaonyesha mpira wa Kimarekani, ule wa kofia ngumu na mpira wenye ncha mbili, jibu ni ndiyo ipo, ni kibanda umiza kimoja mitaa ya Magomeni, jina sitaji kwa sababu humu ntasema na mabaya yake na mwenye kibanda ni mtu wa watu sitaki kumharibia biashara. Wateja wote tunamwita Mjomba. Ukifika Magomeni ukauliza kibanda cha Mjomba wa NFL, yaani ile ligi ya Marekani ya mpira huo, hata watoto watakupeleka.

Kiingilio buku. Jumamosi na siku za Simba na Yanga pale ni kibanda kama vibanda vingine, kinajaa mpaka watu wanachungulia madirishani, jasho, kelele, huwezi hata kukunja mguu. Ila Jumapili usiku ligi ya England ikishaisha watu wanamwagika nje wanaenda zao, Mjomba anabadilisha chaneli, wanabaki watu kumi na kidogo hivi, wengi ni vijana wa chuo, madereva boda wawili watatu, na jamaa waliowahi kufanya kazi kwenye mambo ya gesi wakakaa na wazungu wakaambukizwa huu mchezo. Mjomba mwenyewe yumo kundi hilo. Anaujua mpira ule hatari, sio anajifanya.

Skrini zipo mbili, ile kubwa ina mstari wa kijani unapita kulia juu, unazoea. Mabenchi ya mbao hayana mgongo na hapa lazima niseme ukweli, mechi moja ya hawa jamaa inachukua zaidi ya saa tatu, robo nne za dakika 15 lakini saa inasimama kila wakati, matangazo, marefa wanaenda kuangalia video, makocha wanaomba mapumziko, sasa ukae saa tatu kwenye benchi la ubao bila mgongo ukitoka hapo unatembea kama umepanda lori la chumvi kutoka Lindi. Viti vya plastiki vipo vichache mbele, wahi.

Kero yangu kubwa ni rimoti. Mjomba akiwepo rimoti iko mfukoni mwake na mambo yanaenda sawa, ila akitoka kwenda kuswali au kuongea na simu anamwachia mpwa wake, dogo wa sekondari, na yule dogo ana ugonjwa wa kuchungulia chaneli nyingine. Zimebaki sekunde chache, timu iko yadi tatu kwenda kufunga, dogo anaruka anaenda kuangalia mieleka. Siku hiyo kibanda kizima kilipiga kelele "Mjomba mtoe kinda, ingiza mkongwe!" na mpaka leo huo ndo utani wetu pale. Lakini tukirudishwa kwenye mechi tachidauni, yaani bao lao la kuvusha mpira mstari wa mwisho, ilishafungwa tunaonyeshwa wanakumbatiana, na buku yangu nimelipa. Mjomba arekebishe hilo.

Nyingine ni saa. Marekani wanarudisha saa zao nyuma Jumapili ya kwanza ya mwezi Novemba, sisi huku saa zetu hazihami, kwa hiyo zile mechi za kwanza ambazo Septemba na Oktoba zinaanza saa 2 usiku zinasogea zinaanza saa 3. Kibao cha chaki pale nje kikabaki vilevile saa 2. Watu tumewahi, tumelipa, tumekaa tunaangalia wachambuzi wenye suti wanacheka peke yao saa nzima, na chai inauzwa kweli kweli. Kuna waliosema Mjomba kafanya makusudi, mi sijui, ila kibao kilifutwa wiki iliyofuata ndo maana namuachia.

Chakula sasa. Hapa nampa maksi zote. Dada anayepika pale nje ana ming'oko ya kuchemsha na chumvi na pilipili ya unga, unapewa kwenye gazeti ya moto, unamenya mwenyewe huku unaangalia, na kama ni msimu anakuwa na korosho za kukaanga ambazo hazijaungua. Pweza anakuwepo siku akipatikana, usimuulizie kila saa. Chai ya tangawizi iko vizuri ila anaweka sukari kama unahamia nayo, mwambie mapema. Bei za kawaida tu za mtaa, hakuna kuongezewa kwa sababu ni usiku.

Ila mtu haendi pale kwa ming'oko, wala sidhani kama anaenda kwa mechi. Watu wanaenda kubishana. Mpira ule ukiangalia, muda ambao mpira unachezwa kweli ni dakika chache sana ndani ya hizo saa tatu, kilichobaki chote ni nafasi ya kuongea, na ubishi wa pale msimu mzima ulikuwa mmoja: timu ikiwa na kwotabeki kinda ametoka chuo juzi na ina kwotabeki mkongwe amekula chumvi, aanze nani?

Kwa ambaye hajui, kwotabeki ndo yule anayepokea mpira nyuma ya ukuta wa watu wake, ndo anarusha, ndo anaamua. Timu ina nafasi nne za kusogea yadi 10, na karibu kila nafasi inapita mikononi mwake. Ni kama kipa, anacheza mmoja, huwezi kusema tuwachezeshe wote wawili. Ndo maana ubishi wake hauna suluhu ya kugawana.

Uliwaka zaidi ile Septemba 2025 Giants wa New York walipopoteza mechi tatu za kwanza wakiwa na Russell Wilson, wakamkalisha benchi wakamuanzisha kinda wao Jaxson Dart, na mechi yake ya kwanza tu wakawafunga Chargers 21 kwa 18, dogo mwenyewe akakimbia na mpira akafunga. Kibanda kililipuka. Dereva boda mmoja ambaye kawaida anasinzia kwenye robo ya pili alisimama juu ya benchi.

"Mjomba umeona? Asipocheza atajifunzia wapi?"

"Atajifunzia benchi na mazoezini mwanangu, kichwa chake kikiwa kizima," Mjomba akamjibu. "Mche wa korosho unausubiri miaka, nyie mnataka mabibo mwaka uleule mliopanda."

Akaita vizibo vya soda. Nawaambia hiki kitu mkikiona mtalipa hata buku mbili. Akapanga vizibo vitano vyekundu mstari mmoja juu ya meza, huo ndo ukuta wa mbele, watu watano wanene kazi yao kumlinda kwotabeki. Nyuma yao akaweka kizibo kimoja cha kijani. Mbele akapanga vinne vya njano, hao ni maadui. Akasema huyu wa kijani anatumia mkono wa kulia, akijiweka sawa kurusha anageuka ubavu, mgongo wake unaangalia huku kushoto, huku haoni kitu. Halafu kwa kidole akakipiga kile chekundu cha kushoto kabisa kikaruka chini ya meza, akakisukuma cha njano taratibu mpaka kikakigonga cha kijani kwa nyuma. Tukanyamaza. Akasema mkongwe hapa angeshautupa mpira nje sekunde nzima iliyopita kwa sababu amesikia, hajaona, amesikia, na tangu kabla ya kuanza alishawaangalia walivyojipanga akajua wanakuja upande gani akawabadilishia wenzake mpango palepale. Kinda anasubiri rafiki yake awe wazi. Anasubiri, anasubiri, puu.

Mfano wake mkubwa ni David Carr. Houston Texans walipoanzishwa wakamchukua namba moja kwenye drafti ya 2002, ile siku klabu zinachagua vijana wa chuo kwa zamu, raundi kwa raundi, wakamtupa uwanjani siku ya kwanza, akaangushwa na mpira mkononi mara 76 msimu ule mmoja, rekodi ya ligi. Alikaa pale miaka mitano hawakuingia hata mtoano. Mjomba akitamka 76 anaitamka taratibu kama anasoma hati ya mashtaka. Upande wa pili anakuwekea Patrick Mahomes, aliyechaguliwa namba 10 mwaka 2017, Kansas City wakamuweka nyuma ya Alex Smith msimu mzima akaja kuanza mechi ya mwisho tu kule Denver, msimu uliofuata akarusha tachidauni 50 akawa mchezaji bora wa ligi. Na Aaron Rodgers miaka mitatu nyuma ya Brett Favre pale Green Bay, na Jordan Love naye miaka mitatu nyuma ya Rodgers huyohuyo.

Vijana wa chuo hawakubali kirahisi, na wana hoja. Mmoja alisema Mjomba, huyo Russell Wilson unayemlilia leo mwenyewe alianza akiwa kinda, 2012 pale Seattle, raundi ya tatu, walikuwa wameshamnunua Matt Flynn kwa hela nzuri na dogo akampokonya nafasi kwenye maandalizi ya msimu, wakashinda mechi 11, na msimu wa pili wakabeba Super Bowl, fainali yenyewe ya ligi. Ben Roethlisberger 2004 aliingia kwa sababu Tommy Maddox kaumia, akashinda mechi zote 13 alizoanza kabla ya mtoano. Dak Prescott 2016 vilevile, mtu wa raundi ya nne, Tony Romo akaumia mgongo kabla ligi haijaanza, dogo akamaliza na ushindi 13 Romo akapona akarudi kukaa benchi. Jayden Daniels 2024 kaibeba Washington mpaka nusu fainali. Hapo Mjomba alikunywa chai kwanza.

Mi nna msimamo wangu na nimeusema pale mpaka wananikimbia. Wote wawili wanaangalia kile kizibo cha kijani wakati jibu liko kwenye vile vyekundu vitano. Muangalie huyo Prescott, mbele yake walikuwepo Tyron Smith, Travis Frederick na Zack Martin, ukuta uliokuwa unaogopwa ligi nzima, na pembeni yake Ezekiel Elliott, kinda mwenzake, aliyeongoza ligi kwa yadi za kukimbia. Dogo alikuwa na muda wa kusimama kule nyuma, akikosea anakosea akiwa wima. Wilson alikuwa na Marshawn Lynch wa kupewa mpira akimbie, na ulinzi uliokuwa unawanyima watu magoli. Roethlisberger alikuwa na ukuta na kina Jerome Bettis. Hakuna hata mmoja kati yao aliyeambiwa ibebe timu peke yako. Carr aliambiwa hivyo, kwenye timu mpya kabisa, na ukuta uliookotwa okotwa.

Halafu kuna Peyton Manning ambaye anawachanganya pande zote mbili. 1998 akiwa kinda pasi zake 28 zilinaswa na maadui, hakuna kinda aliyewahi kufikisha hapo, timu ikashinda mechi 3 tu kati ya 16. Mwaka uliofuata wakashinda 13. Mjomba anasema ona aibu ile, vijana wanasema ona alivyojifunza, mi nasema alikuwa anakosea lakini hapigwi ovyo, na kukosea bila kupigwa ndo shule yenyewe. Kinda anayepigwa kila Jumapili hajifunzi kusoma ulinzi, anajifunza kuogopa. Macho yanashuka chini yanatafuta nani anakuja badala ya kuangalia mbele nani yuko wazi, na hiyo tabia ikishaingia miguuni kuitoa ni kazi.

Ukitaka kuona kwa mtu mmoja muangalie Caleb Williams wa Chicago. 2024 kinda, namba moja kwenye drafti, aliangushwa mara 68, timu ikashinda 5 ikapoteza 12, watu wakaanza kusema dogo wa kawaida tu. Kabla ya msimu wa 2025 wakaleta kocha mpya Ben Johnson wakabadilisha na watu wa katikati ya ukuta, akaja Joe Thuney, Drew Dalman, Jonah Jackson. Kijana yuleyule. Kuangushwa kukapungua sana na wakaongoza kundi lao.

Ukuta ukivuja basi muweke mkongwe apigwe yeye, ameshalipwa, ameshazoea, anajua kuutupa mpira. Huo ni ukatili kidogo najua. Yule dereva boda aliniuliza kwa hiyo mkongwe hana mama, nikakosa jibu zuri.

Ila msidhani makocha wanaamua kwa hekima hizo. Kinda wa raundi ya kwanza anasaini miaka minne, klabu ina hiari ya mwaka wa tano, na hela yake imeshapangwa kutokana na namba aliyochaguliwa, yaani hata akiwa hatari kuliko wote anakuwa wa bei rahisi kwa miaka hiyo. Tajiri akikaa anapiga hesabu anaona kila mwezi dogo akikaa benchi ni mwezi wa bei rahisi unaopotea. Na kocha ambaye kiti kinamuwaka, akimuanzisha kinda amejinunulia muda, anaweza kusema nipeni nafasi tunajenga. Wengine hata muda wenyewe hawaupati. Huyohuyo Dart tuliyempandia mabenchi Septemba, Novemba alitolewa kwenye mechi na Chicago kwa kugongwa kichwa, mechi ikapotea, kesho yake kocha Brian Daboll akafukuzwa. Jumapili iliyofuata Mjomba hakusema neno, alivipanga tu vile vizibo mezani kabla mechi haijaanza akaenda kukaa. Mzee ana dharau yule!

Kwa haki yake lazima niseme na Cleveland, maana huko mkongwe hakusaidia kitu. Walianza 2025 na Joe Flacco ana miaka 40, mechi nne wameshinda moja, wakaingiza kinda Dillon Gabriel mechi yao ya London, Flacco akauzwa Cincinnati, baadaye Gabriel naye kaumia kaingia Shedeur Sanders, kinda mwingine. Wawili makinda na babu mmoja ndani ya msimu mmoja na shida ikawa ileile. Kibandani pale tulikuwa tunawekeana dau la chai Jumapili hii Cleveland ataanza nani. Nilikula chai nyingi za bure kwa hiyo sina malalamiko na Cleveland.

Jambo moja halibishaniwi pale na vijana wakilisikia wananuna: hakuna kinda aliyewahi hata kuanza kwenye Super Bowl kama kwotabeki, achilia mbali kuibeba. Hata huyo Daniels aligota mlangoni kwa Philadelphia. Tom Brady kaibeba akiwa na miaka 43. Lakini Brady huyohuyo aliingia 2001 kwa sababu mkongwe Drew Bledsoe kaumia, alikuwa msimu wake wa pili ameshakaa benchi mwaka mzima, na hapo ndo ubishi unaanza upya, sasa mwaka mmoja unatosha au mitatu, na dada wa ming'oko anaanza kuzima jiko anatuambia tulipe madeni.

Turudi kwenye huduma. Umeme ukikata kuna jenereta, linachukua muda kuwaka na likiwaka linapiga kelele kuliko mtangazaji, ila linafanya kazi. Mbu wapo, vaa suruali. Choo kipo nyuma, kisafi mwanzoni mwa usiku. Kina dada mnaweza kuja, Mjomba hataki matusi na nimeshamuona anamtoa mtu nje kwa neno moja tu na buku yake akamrudishia. Wa Msangamkuu sahauni, mechi inaisha usiku mkubwa pantoni huipati, labda una ndugu wa kulala kwake mjini. Boda za kurudi Shangani au Chuno zipo kwa sababu madereva wenyewe wako ndani wanaangalia, ila usitegemee waondoke robo ya nne.

Ile mechi ya saa 5 na kitu usiku Mjomba anaionyesha kama watu wamebaki zaidi ya watano, hamuongezi hela. Ya alfajiri hafungui. Super Bowl tu ndo anafungua usiku kucha, mwezi wa pili, inaanza Jumatatu saa 8 na nusu usiku kwa saa zetu, kiingilio kinapanda buku mbili na chai ya kwanza iko ndani yake, viti vya plastiki anavihifadhi kwa wanaolipa Ijumaa. Mlipe Mjomba mkononi. Usimpe mpwa.